Pishi Moja kwa Kila Mwezi

Ozi, kiangazi, baada ya sala ya alasiri

Athumani mwanangu,

Salamu za mamako zikufikie ukiwa umeshiba. Nimeanza hivyo makusudi. Wengine huanza kwa kuombeana siha na umri mrefu, nami nakuombea yote hayo, lakini siha yako siku hizi imo mdomoni na mdomo umeufunga. Kwa hiyo nakuombea shibe kwanza, mengine yatafuata.

Umekwenda kuaga watu. Nimekuona ukiingia kwa shangazi yako Fatuma, na najua atakuwekea sahani, nawe utamwambia umekula kwangu, kama ulivyoniambia mimi mchana kwamba umekula kwake. Sisi wawili tunasemezana, mwanangu. Ozi haina ukubwa wa kumficha mtu asiyekula.

Nakuandikia kwa sababu kusema nimeshindwa. Kila nikilitaja jambo hili unaniitikia "ndiyo, mama," kisha unatazama makuti ya paa. Karatasi huwezi kuiitikia ndiyo mama. Nilikufundisha kusoma mwenyewe, kwa fimbo na kwa halua, na leo naidai ada yangu: soma mpaka mwisho. Nitampa Komora mwenye mtumbwi barua hii akukabidhi mkishapita Kilelengwani, mahali ambapo huwezi tena kurudi kubishana nami.

Mambo ya kila siku siyaandiki. Kufua unajua, kusali unajua, kuheshimu wakubwa unajua, na mamba wa mto huu unawajua kuliko mimi. Nakuandikia juu ya mwili wako, maana huo ndio ulioninyima usingizi juma hili.

Siku Komora alipokuja kupakia mchele na kukujaribu kazi ya mtumbwini, ulidhani nimeshaondoka. Sikuondoka. Nilikuwa nyuma ya magunia, najifanya kuokota punje zilizomwagika. Nilikuona ukisimama tezini, nyuma mwa mtumbwi wake, na pondo la marehemu babako mkononi, mti ule mrefu wa kusukumia, ukalichoma chini, ukasukuma. Mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia kwenye mzigo, na wale vijana wake wa Kipokomo wakacheka mpaka mmoja wao akakaa chini. Komora hakucheka. Alikutazama kama anavyotazama mzigo, akasema kwa Kiswahili chake kile:

"Kijana, mimi hapana kataa wewe. Baba yako ilikuwa rafiki yangu. Lakini mtumbwi naona wewe ni gunia mbili. Njoo Garsen, beba mzigo pale diko yangu, mahali mtumbwi inashusha. Masika ikifika, mto ikijaa, nakupa pondo tena. Gunia moja iwe imebaki njiani. Kama haikubaki, rudi kwa mama."

Mimi niliyapenda maneno yale. Mtu anayekuchukia hakupi nafasi mpaka masika. Lakini wewe ulisikia "masika" ukaelewa "mwezi kesho." Tangu siku hiyo paka wangu wamenenepa. Chooni kunanuka sanamaki, dawa ya kuendesha tumbo. Na leo asubuhi ulipoanguka kando ya kinu uliwaambia watu umeteleza. Uliteleza juu ya nini, Athumani? Ardhi ilikuwa kavu. Niliyaona macho yako yakigeuka kabla ya magoti kulegea. Nayajua macho yale, niliwahi kuwa nayo.

Hadithi ya mamako na mtumbwi unaijua, maana shangazi yako huisimulia kila arusi. Lakini yeye huisimulia kwa upande wa kicheko, na huishia pale watu wanapopiga makofi. Mimi nitakupeleka mpaka mwisho.

Ulipozaliwa, bibi yako aliniweka ndani siku arobaini, akanilisha kama ilivyo ada ya mzazi: uji wa pilipili manga, kuku, samli, na wali wa mchele mpya. Nami hata mwanzo sikuwa mwembamba. Nilipotoka, mlango ulinitambua kwa shida. Babako alifurahi. Mke mnene ni sifa ya mume, watu wanaona kwamba nyumbani kwake jungu halilali kavu. Shangazi yako alinizunguka kama anayekagua ng'ombe wa arusi, akasema mashallah. Hakuna aliyeona kasoro, wala mimi sikuiona.

Lakini mtumbwi haujui sifa. Shamba letu la mpunga lilikuwa ng'ambo, pale pale lilipo sasa, na mpunga ulikuwa unatia maziwa, wakati ambao ndege huja makundi kwa makundi na mtu asipokuwepo kuamia hakuna mavuno. Mtumbwi niliokuwa nao ni ule mdogo wa marehemu mamangu, ambaye alikuwa mwembamba kama kafi. Siku ya kwanza nilikuweka miguuni pangu ndani ya kanga, nikapiga kafi. Tulipofika katikati ya mto nikageuka kidogo kumtazama kiboko, ubavu ukashuka, maji yakaingia yakakufunika mpaka kifuani. Ulilia kilio ambacho sikukijua. Nikarudi ufukoni, na pale pale, nikiwa nimekukumbatia na maji yanachuruzika, nikaapa kwamba kabla ya mavuno mtumbwi ule utatubeba sote wawili na ubavu wake uko juu.

Kwa hiyo usiseme sikuelewi. Sababu yangu ilikuwa njema, na yako ni njema. Sikukatazi kupungua. Ni kweli umezidi, baba. Ukipanda tuta la shamba unahema kama mvukuto wa mhunzi, na magoti yanakulalamikia nawe ndevu hazijajaa. Nataka ulipate pondo lile pengine kuliko unavyolitaka wewe. Ninachogombana nacho ni mwendo wako tu.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Zile siku zangu za ndani, mtumbwi ulikuwa umepandishwa nchi kavu, babako akiziba nyufa zake, ukapigwa na jua mpaka mti ukawa mweupe. Kesho yake baada ya kiapo tuliushusha tena majini, nikaketi ndani nawe mapajani, na babako akachanja kwa kisu mahali maji yalipofika ubavuni. Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yangu. Nikarudi nyumbani nikaanza kula konzi moja ya wali mchana, na jioni maji ya ukwaju basi. Ijumaa iliyofuata nikaenda nawe kujipima mbele ya shangazi yako na wanawake waliokuwa wakiteka maji. Nikaketi. Maji yakafika juu ya alama. Juu, mwanangu! Juma zima nimelala na njaa, na mtumbwi unasema nimenenepa.

"Wifi yangu," shangazi yako akaniambia, "huo ukwaju wako waupika na samli?"

Hapo ndipo watu hupiga makofi arusini. Nami nacheka nao, maana inachekesha. Mvuvi yeyote angeniambia, hata mtoto angeniambia: mtumbwi uliokaushwa juani huelea kama ganda, kisha mti hunywa maji siku baada ya siku na kuzama polepole mpaka utosheke. Mti ndio uliokuwa ukinywa, hesabu ikaandikwa kwangu. Nami nilizaliwa juu ya mto huu, jambo hilo nililijua kabla sijajua kuhesabu. Ila mtu aliyeshikwa na haraka ya mwili wake husahau hata anachokijua.

Sasa upande ambao shangazi yako hausimulii. Niliiacha ile konzi. Nikawa nakunywa sanamaki asubuhi na jioni, na maji ya chumvi kati yake. Na kweli, mtumbwi ulipanda kidogo. Nilifurahi, nikajiona shujaa. Lakini kilichotoka kilikuwa maji, Athumani. Ni kama mtu amwagaye maji ya mtumbwini kwa kata kisha ajisifu kwamba ameuchonga mtumbwi upya. Nikinywa kikombe cha maji, mto unarudi kwenye alama, nami nazidisha sanamaki. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Nikawa naona baridi jua likiwa utosini. Nikisimama, dunia inazunguka. Nikiinama, inazunguka tena. Hasira nazo zikaja. Nilimfukuza mbuzi wa jirani mpaka msikitini kwa kosa la kunitazama.

Na kuna jambo nililoligundua ambalo nataka ulishike kuliko yote, wewe unayetaka pondo. Kitambi changu kilikuwepo. Mapaja ndiyo yaliyokwenda. Njaa ya ghafla ni mgeni asiye na adabu, haianzi na kile ulichomkaribishia, inaingia jikoni na kula nguvu kwanza. Siku za mwanzo niliusukuma mtumbwi kutoka matopeni peke yangu. Mwishoni nilimwita babako anisukumie, mimi na tumbo langu lile lile. Ukimpelekea Komora tumbo lililonywea kidogo na miguu isiyoweza kusimama kwenye mkondo, utakuwa umemletea gunia moja na nusu, tena limetoboka.

Kisha maziwa yangu yakakauka.

Sikutambua siku hiyo hiyo. Ulinyonya, ukaacha, ukalia, ukanyonya tena. Bibi yako akasema ni chango. Mimi nikasema ni jua. Nilisema kila kitu isipokuwa kilichokuwa kweli, kwa sababu ukweli ungenirudisha kwenye sufuria na mavuno yalikuwa yanakaribia na maji hayajashuka chini ya alama. Ulikuwa unapungua wewe, mwanangu, tena kwa mwendo uleule niliokuwa nautafuta mimi. Nalisema wazi: nilikuona ukipungua na nikaendelea.

Siku moja, babako akiwa ametuvusha, nilikuwa juu ya dungu nikipiga debe kufukuza ndege, nawe umelala chini kivulini. Nakumbuka kuinua mkono. Baada ya hapo sikumbuki. Sauti iliyonizindua ilikuwa ya mtoto anayemeza. Glu, glu, glu. Nilikuwa nimeisahau. Nilifumbua macho nikajikuta nimelala kwenye mpunga, kichwa kimeloa maji, na kando yangu ameketi mwanamke wa Kiorma, Darmi, ambaye nilimjua kwa sababu tulikuwa tukibadilishana mchele kwa maziwa kila kiangazi walipoteremsha ng'ombe mtoni. Mtoto wake mwenyewe alikuwa mgongoni. Wewe ulikuwa kifuani pake, umelishika titi lake kwa mikono miwili.

"Mama Athumani," akasema, "wewe naumwa?"

"Siumwi," nikamjibu. "Napunguza mwili."

Nadhani aliona labda Kiswahili kimempita.

"Wewe hapana kula, kusudi?"

"Kusudi."

"Nani nakulazimisha?"

"Mtumbwi," nikasema.

Hakucheka yeye. Aliinuka akakuhamishia titi la pili, akanionyesha ng'ombe wao waliokuwa wakinywa maji, mbavu zinahesabika.

"Tazama hii. Kiangazi yote napungua. Lakini napungua na mwezi. Mwezi hii kidogo, mwezi ile kidogo, mvua nakuja, ng'ombe iko hai, nazaa. Ile ng'ombe nakimbizwa, napungua kwa siku, hiyo hapana ona mvua. Na ndama yake hapana ona mvua." Akakutazama wewe. "Huyu nabaki kwangu. Wewe kula kwanza."

Jioni babako alikwenda bomani kwao kukuchukua. Alikuwa mtu wa maneno, unamjua, alikwenda ameyapanga. Akasema mtoto wa Kiislamu hulala kwao, mtoto anarudi nyumbani. Darmi alimwuliza swali moja tu.

"Nyumbani iko maziwa?"

Babako akarudi peke yake. Akakaa barazani, na nilipomletea maji aliyashika bila kuyanywa. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Ulikaa bomani kwa Waorma kiangazi kile mpaka mvua zikaanza. Kila siku nilivuka kuja kukuona, siku za mwanzo nikivushwa na babako, na kila siku Darmi aliniwekea kibuyu cha maziwa mbele yangu na kukaa ananitazama. Hakunipa kukushika mpaka nimekimaliza. Nikimwambia nimeshiba anasema, "Basi mtoto pia nashiba wewe," na anageuka upande wa pili nawe. Mtu mzima mimi, nililia na kibuyu mdomoni. Nikamaliza.

Nilirudi hali yangu. Nywele zilirudi, mapaja yalirudi. Maziwa hayakurudi. Hukuninyonya tena mpaka ukaachishwa, na mpaka leo nikimwona mtoto ameshika titi la mamake kwa mikono miwili mimi hutafuta kazi ya kufanya mahali pengine. Sasa unajua kwa nini shangazi yako huishia kwenye samli.

Na kupungua nilipungua, usidhani nilikata tamaa. Nilipungua kwa mwendo wa Darmi. Mtumbwi ulipokuwa umeshiba maji kabisa nilitia ndani yake pishi moja ya mchele, vibaba vinne vya kawaida, nikaona maji yamepanda kadiri ya unene wa ukucha. Nikajiambia, hii ndiyo haki ya mwezi mmoja. Kibaba kutoka Ijumaa hadi Ijumaa, pishi kutoka mwezi hadi mwezi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, wakasahau kusema kwamba kibaba nacho humalizwa haba na haba. Mwezi wa kwanza utatoa zaidi, usijisifu, mengine ni maji. Mwezi mwingine maji hayatasogea kabisa, usiipige teke mitumbwi ya watu. Lakini ukiona pishi mbili zimekwenda kwa mwezi, na mwezi unaofuata tena mbili, ongeza chakula bila kuniandikia kuniuliza.

Nilikula nini? Kile kile tulichokuwa nacho. Wali niliupakua mara moja, sikurudi sufuriani. Samaki na kunde nilikula bila kujionea choyo, mboga nikajaza sahani. Samli nikaiachia Ijumaa na Idi. Na nilitembea. Darmi alinichukua kwenda na ng'ombe mpaka malishoni, nami nikimfuata huku nanung'unika, na baada ya misimu kadhaa nikawa namfuata bila kunung'unika. Mavuno ya pili baada ya yale, mtumbwi ulitubeba sote wawili, nawe umeshakuwa wa kukaa peke yako, unachezea maji kwa mkono. Ubavu ulikuwa juu. Hakuna aliyepiga makofi.

Sasa wewe. Kile kifurushi cha sanamaki ulichokificha ndani ya kanzu yako ya Ijumaa, usikitafute, nimekitia mtoni. Mahali pake nimeweka samaki mkavu. Kanzu itanuka, stahili yako.

Mtumbwi wangu mdogo unakwenda nawe. Nimekubaliana na Komora, ataufunga nyuma ya mtumbwi wake. Jana nilipokutuma ng'ambo kuni, nawe ukanung'unika kwamba kuni zipo tele, ni kweli zilikuwepo tele. Nilikuwa nimesimama ufukoni natazama maji yanafika wapi ubavuni. Ulipokwenda kulala nikachanja alama kwa kisu cha babako. Utakuta alama mbili. Ya zamani imeliwa na maji, hiyo ni ya ujinga wangu, iache. Mpya ni yako. Usiukokote mtumbwi ukaushe juani kisha ukajipime, maana nitakuwa nimeandika barua hii bure. Uache majini. Mwezi ukiandama, keti ndani mara moja, tazama, kisha uende zako. Mtu anayejipima kila asubuhi anajitafutia wazimu.

Najua unahesabu moyoni. Unasema kiangazi hakina miezi ya kutosha kuacha gunia zima njiani kwa pishi moja moja. Kweli, hakina. Lakini Komora hana mizani, ana macho. Nilimwona siku ile: alitazama miguu yako. Uliyumba kwa uzito, lakini uliyumba zaidi kwa sababu ulisimama kama mtu anayeogopa kuonekana, umebana magoti, umeng'ang'ania tezi. Beba magunia pale dikoni, kula chakula cha mbeba magunia, kila jioni chukua mtumbwi wangu na pondo la babako, vuka, urudi, vuka, urudi. Mpelekee miguu masika yakifika, na sehemu ya gunia iliyobaki hataiona. Na akiiona, akakwambia bado, mwombe masika mengine. Mto huu hujaa kila mwaka. Moyo wa mtoto wangu sijui kama hujazwa mara ya pili.

Ukiona giza machoni, ukiona moyo unakimbia nawe umekaa, nywele zikibaki kitanani, ukaanza kugombana na mbuzi, hizo si dalili za ushujaa. Acha kila kitu, ule, ulale. Usione haya mbele ya wale vijana wa Kipokomo. Wamecheka siku moja, na wao watachoka kabla yako.

Na jambo la mwisho, ambalo ni amri. Darmi yuko hai. Ng'ombe wao kiangazi hiki wanashukia mtoni karibu na Garsen, watu wote wa soko la mifugo wanamjua. Nenda kwake kabla ya kufungua mzigo wako. Ni mama yako wa kunyonya kwa sheria na kwa haki, watoto wake ni ndugu zako, kwa hiyo mabinti zake watazame kwa jicho la dada. Akikupa kibuyu, kunywa. Jioni ukitaka punguza wali wako, hiyo ni juu yako, lakini kibuyu cha mwanamke yule usikisukume. Usimwambie kwamba umekuja kupunguza mwili. Mwambie umekuja kupata pondo, na ukweli utakuwa umeusema.

Nitakueleza alivyokurudisha, kisha niweke kalamu, maana nakusikia unakohoa kwa shangazi yako na utaingia sasa hivi.

Mvua zilikuwa zimeanza, Waorma wanahama kwenda nyanda za juu. Alikuja mpaka mlangoni kwangu amekubeba kiunoni, umefungwa ngozi, umenenepa mpaka viwiko vina vishimo. Bibi yako alikuwepo, babako alikuwepo. Hakusalimu. Alikutoa kiunoni akakuweka mikononi mwangu ghafla, bila kunionya, akasema, "Pima."

Mikono yangu ilishuka. Ulikuwa mzito, Athumani. Nilikaribia kukuangusha. Katika maisha yangu sijabeba kitu kizito kikanifurahisha vile, na nilisimama pale mlangoni nikikupima na kukupima mpaka mvua ikatulowesha sote.

Basi masika ukija kunisalimu, na pondo au bila pondo, usinipe mkono kama mgeni. Nitakubeba. Sitaweza kukuinua, najua, lakini nitakushika kiunoni na kujaribu, hata mbele ya Komora na vijana wake wote. Uje mwepesi wa mfanya kazi, usije mwepesi wa mgonjwa. Mikono hii inajua tofauti.

Mamako,
Mwanasha